SOMO LA WANACHAMA: JE, TOVUTI YETU YAFAA KUTIWA MATANGAZO YA KULIPWA?



Tumepokea shauri kutoka kwa vijana wa Chama. Wasema kwamba tovuti yetu, ile tunayotia bei ya karafuu, habari za mvua na masomo ya kutunza mikarafuu, itiwe matangazo ya biashara ili ijilipie gharama zake. Nao wana haki ya kusema, maana kila mwaka twalipa ada ya jina la tovuti na ada ya pahala inapohifadhiwa, na fedha hizo hutoka katika michango yenu. Kwa upande wa pili wako wazee waliotuambia kwamba hawapendi kuona mambo ya watu wasiowajua katika ukurasa wa Chama chao.

Shauri hili litakatwa na wanachama wenyewe mkutanoni. Si kazi ya gazeti hili kulikata. Kazi yetu ni kueleza jinsi ya kulipima, ili kila mtu aje akijua anachokitaka na sababu ya kukitaka.

Kila mwenye shamba ajua kwamba mkarafuu haupandwi popote. Mtu hutazama ardhi kwanza. Pahala panapotuama maji hapafai, maana mizizi huoza. Na kwa kuwa mche hukaa miaka kadhaa kabla ya kuzaa, kosa la siku ya kupanda huja kujulikana baadaye sana, taabu na gharama zikiwa zimekwisha kupotea. Basi na tovuti ni vivyo hivyo. Ziko tovuti zinazofaa kwa matangazo, na ziko zisizofaa hata zikiwa nzuri namna gani. Yafaa kupima kabla ya kupanda.

MATANGAZO HAYA HULIPAJE?

Tangazo la picha linalojulikana sana kuwa katika yale ya mwanzo ya mtandaoni lilitokea tarehe 27 Oktoba, 1994, katika gazeti la mtandaoni la Marekani lililoitwa HotWired. Lilikuwa tangazo la kampuni ya simu ya AT&T. Siku zile wenye gazeti waliuza nafasi wao wenyewe, kama gazeti la karatasi liuzavyo: mfanyabiashara alikuja, akapatana bei, akalipa, tangazo lake likawekwa.

Siku hizi tovuti nyingi ndogo hupitia kwa dalali. Dalali anayejulikana zaidi ni Google, kwa kazi yake iitwayo AdSense, iliyoanzishwa mwaka 2003. Mwenye tovuti hutenga nafasi katika ukurasa wake. Msomaji anapoufungua ukurasa, papo hapo hufanyika mnada wa mashine. Wenye bidhaa hushindana kwa bei, na aliyeshinda ndiye tangazo lake huonekana. Mmeuona mnada wa samaki pwani. Huu ni namna ile ile, ila kinachonadiwa ni nafasi mbele ya macho ya msomaji yule mmoja, na mnada wenyewe humalizika kabla hajapepesa jicho.

Katika fedha anazotoa mwenye bidhaa, Google imeeleza kwamba mwenye tovuti hupata kiasi cha 68 katika kila 100, na zinazobaki ni za dalali. Malipo hayatolewi mpaka yafikie Dola 100 za Marekani. Tena yanapofika Dola 10, Google hutuma barua ya posta yenye namba ya siri ili ithibitishe anwani ya mwenye tovuti. Basi chama kisichokuwa na sanduku la barua linalofunguliwa mara kwa mara kitapata taabu tangu hatua hiyo.

Katika maelezo haya yafaa mshike mambo mawili. La kwanza, bei ya nafasi si moja. Hubadilika kwa msomaji, kwa nchi aliyoko, na kwa jambo analolisoma. La pili, katika njia hii ya dalali si sisi tunaochagua tangazo. Watu wawili wakifungua ukurasa mmoja, mmoja Wete na mmoja Maskati, huweza kuona matangazo mbali mbali, wala sisi tusijue wameona nini.

MAMBO MATANO YA KUPIMA

1. Wasomaji ni wangapi, na wako wapi?

Matangazo ya dalali huhesabiwa kwa kila kurasa 1,000 zilizofunguliwa. Kwa hiyo tovuti inayofunguliwa mara mia chache kwa mwezi haina cha kuhesabu. Tena wenye bidhaa hulipa zaidi kwa msomaji aliye Marekani au Uingereza kuliko kwa msomaji wa Afrika Mashariki, kwa sababu wanataraji kumwuzia zaidi. Wako jamaa zetu Oman, Dubai na London wanaoifungua tovuti yetu ili kujua hali ya mavuno, lakini wengi wa wasomaji ni wanachama waliopo hapa hapa kisiwani. Msihesabu, basi, kwa bei mliyosikia ikisifiwa na mwenye tovuti wa Marekani.

Angalieni pia majira. Sisi wasomaji hutujia kwa wingi miezi ya mavuno, kisha hupungua. Na mwaka wa karafuu chache hata miezi ya mavuno huwa baridi. Hesabu ya mwezi mmoja mzuri haifai kuzidishwa kwa 12.

2. Msomaji amekuja kutafuta nini?

Hili ndilo linalosahauliwa. Mtu anayesoma habari za kuchagua pampu ya maji yuko karibu kununua pampu, na muuza pampu atalipa vizuri ili aonekane hapo. Mtu anayefungua ukurasa kutazama bei ya karafuu ya leo amekuja kuuza, wala hakuja kununua. Huitazama bei, akafunga, akaenda zake. Msomaji wa namna hii ni mwaminifu, hurudi kila siku, walakini kwa mwenye bidhaa thamani yake ni ndogo.

Zamani watu waliyabofya matangazo kwa kuyastaajabia. Siku hizi wameyazoea. Tangazo la picha la kawaida likionekana mara 100, pengine halibofywi hata mara moja.

Wengi wa wageni wa tovuti nyingi huletwa na mashine za kutafutia. Hapo pia mambo yamebadilika. Tangu mwaka 2024 Google imeanza kuweka jibu lililoandikwa na mashine juu ya orodha ya tovuti, na msomaji akitosheka na jibu lile hana haja ya kufungua tovuti iliyolitoa. Anayepanga mapato ya miaka mitano kwa kutegemea wageni hao, apange kwa hadhari.

3. Maandishi ni yetu wenyewe, tena yatosha?

Madalali hawa huikagua tovuti kabla ya kuikubali. Hutaka maandishi yaliyoandikwa na mwenyewe, yenye faida kwa msomaji. Tovuti iliyojaa habari zilizonakiliwa kutoka kwa wengine hukataliwa. Hutaka pia lugha ya tovuti iwe miongoni mwa lugha wanazozikubali, na mwombaji awe na umri wa miaka 18 au zaidi. Katika jambo hili sisi hatuna wasiwasi. Masomo yetu ya upandaji, uchumaji na uanikaji tumeyaandika wenyewe kwa ujuzi wa wanachama. Lakini kurasa zenyewe ni chache, na ukurasa wa bei una mistari miwili mitatu tu. Mkikusudia matangazo, itawabidi mwandike zaidi, na kazi hiyo yataka mtu wa kuifanya kila wiki.

4. Nani atakayelipa gharama ya kuliona tangazo?

Mtu hudhani tangazo ni bure kwa msomaji. Si kweli. Picha za matangazo, na zaidi zile zinazocheza, huuongezea ukurasa uzito. Mwanachama aliye shambani, pahala ambapo mtandao ni dhaifu, hununua bando kwa fedha yake. Ukurasa wa bei uliokuwa ukifunguka mara moja utakawia, na sehemu ya bando lake italiwa na tangazo ambalo hakulitaka. Kisha kioo cha simu ni kidogo. Tangazo likikaa juu, bei inasukumwa chini. Likikaa karibu na pahala pa kubofya, mzee atalibofya kwa makosa, ajikute kwenye duka asilolijua.

Na matangazo haya huweka alama ndogo katika simu ya msomaji ili imtambue atakapofungua tovuti nyingine. Mwenye tovuti hana budi kuwaeleza wasomaji wake jambo hili waziwazi, na katika nchi nyingine sheria yataka waombwe idhini kwanza.

5. Tangazo laweza kumdhuru nani?

Hili twalipa uzito kupita yote. Mwanachama akiona neno katika ukurasa wa Chama, huliamini. Hasemi, “Hili ni tangazo la mtu, lile ni neno la Chama.” Husema, “Nimeliona kwa Chama.” Sasa fikirini mtu ambaye karafuu zake bado ziko mtini, wachumaji wanataka malipo yao, naye hana kitu mkononi. Afungua ukurasa kutazama bei. Chini ya bei aona: mkopo wa haraka, bila dhamana, bofya hapa. Ni wajibu wa nani atakapokopa kwa riba asiyoielewa, na mavuno yote yakaenda kulipa deni? Wazee wetu waliona taabu ya kuuza karafuu kabla ya kuchumwa. Isiwe sisi ndio tulioifungulia mlango ule ule kwa njia ya simu.

Ni kweli kwamba dalali humruhusu mwenye tovuti kuzuia aina fulani za matangazo, na mikopo ni mojawapo ya aina zinazoweza kuzuiwa. Yafaa kufanya hivyo bila kukawia. Walakini kuzuia si kuona. Matangazo ni mengi, hubadilika kila saa, na mengine hupenya.

TUFANYE HESABU

Hesabu ifuatayo ni mfano wa kufundishia tu, si hesabu ya daftari letu. Hesabu ya kweli italetwa na Katibu mkutanoni.

Tuseme tovuti ya chama kama chetu hufunguliwa kurasa 6,000 kwa mwezi. Tuseme dalali hutupa nusu Dola kwa kila kurasa 1,000. Basi:

Mapato ya mwezi: 6 mara nusu Dola, yaani Dola 3.
Mapato ya mwaka: 3 mara 12, yaani Dola 36.
Muda wa kufikia Dola 100 ili tulipwe: miezi 34, yaani karibu miaka mitatu.

Tuseme gharama ya tovuti ni Shilingi 150,000 kwa mwaka. Dola 36 kwa bei ya siku hizi hazifiki hata Shilingi 100,000. Kwa hiyo tangazo halikulipa gharama, na hata hicho kidogo kilichopatikana hakitaonekana mkononi kabla ya mwaka wa tatu. Ili kulipa gharama yote, tovuti ingehitaji kufunguliwa karibu mara mbili ya hapo, mwezi kwa mwezi, hata miezi isiyokuwa ya mavuno.

Hapa ndipo hatari nyingine inapozaliwa. Mapato yakiwa madogo, mtu huona njia ya mkato: awaambie jamaa wote wa tawi wabofye matangazo kila asubuhi. Twawaonya vijana wetu kwa mapenzi, msifanye hivyo kabisa. Kubofya matangazo ya tovuti yako mwenyewe, au kuwaomba watu wakubofyee, ni kumwibia mwenye bidhaa. Masharti ya dalali yanakataza, mashine zake hutambua, na adhabu yake ni kufungiwa hesabu na kupoteza fedha zilizokusanywa. Na jina litakalochafuka ni la Chama.

TOVUTI KUBWA ILIYOKATAA MATANGAZO

Pengine mtasema, “Basi tukipata wasomaji wengi tutakuwa tunafaa.” Wingi ni sharti, lakini si sharti pekee. Tazameni Wikipedia, kamusi elezo ya mtandaoni iliyoanzishwa Januari 2001, ambayo leo ni moja katika tovuti zinazosomwa sana duniani, na iko kwa Kiswahili pia. Mwanzoni mwa mwaka 2002 yalitokea maneno kwamba huenda ikatiwa matangazo. Baadhi ya waandishi wa Kihispania, waliokuwa wakiandika bure kwa moyo wao, hawakulikubali jambo hilo. Mnamo Februari mwaka ule walijitenga wakaanzisha kamusi yao wenyewe, iliyowekwa katika Chuo Kikuu cha Sevilla huko Hispania. Mwaka ule ule, Agosti, Wikipedia iliacha anwani ya .com iliyokuwa ikitumia, ikahamia anwani ya .org inayotumiwa na jumuiya zisizofanya biashara. Mpaka leo haina matangazo ya biashara, nayo huishi kwa michango ya wasomaji.

Hatusemi kwamba sisi tu kama Wikipedia. Twasema kwamba tovuti ile ingepata fedha nyingi sana kwa matangazo, na bado haikufaa kutiwa, kwa kuwa walioijenga kwa kujitolea wangeiacha. Mali yake kubwa ilikuwa ni imani ya watu. Na ukurasa wetu wa bei una mali gani nyingine?

NJIA ILIYO KATI

Kama wanachama watapenda tovuti ijilipie, iko njia ya zamani, ile ya gazeti: kuuza nafasi sisi wenyewe kwa wafanyabiashara tunaowajua. Wako wauzaji wa majamvi na magunia, wenye vitalu vya miche, wenye magari na vyombo vya kuchukua mizigo. Hawa wanataka kuonekana na wenye mashamba wala si na mtu mwingine. Kwa dalali wa mbali msomaji wetu ana thamani ndogo, lakini kwa muuza majamvi wa Chake Chake hapana msomaji bora kuliko yeye.

Kwa mfano, wafanyabiashara wanne wakilipa Shilingi 60,000 kila mmoja kwa msimu mmoja wa mavuno, tumepata Shilingi 240,000. Gharama ya mfano wetu imelipwa na Shilingi 90,000 zimebaki. Wala hatukuhitaji kurasa 6,000. Twahitaji wasomaji wanaomhusu mwenye tangazo. Tangazo lenyewe laweza kuwa maneno matupu na namba ya simu, lisilokula bando, na Kamati hulisoma kabla halijawekwa.

Njia hii nayo ina masharti yake. Yataka mtu wa kwenda madukani, wa kuandika stakabadhi, na wa kuondoa tangazo muda wake ukiisha. Yataka neno TANGAZO liandikwe juu yake ili lisichanganyike na neno la Chama. Na yataka kanuni iliyoandikwa ya nani hakubaliwi, ili Katibu asilazimike kumkatalia jamaa yake ana kwa ana. Tena kabla ya kuanza, Kamati iulize katika ofisi za Serikali kama leseni yahitajika na kodi ni ipi. Bara, kanuni za maudhui ya mtandaoni zilitolewa mwaka 2018 na zikafuatwa na nyingine mwaka 2020, na kanuni za namna hii hubadilika. Kuuliza ni bure. Kutozwa faini si bure.

MAONI YETU

Kwa kadiri tulivyopima, tovuti yetu kwa hali yake ya sasa haifai kwa matangazo ya dalali. Wasomaji ni wachache kwa kazi hiyo, haja yao ni kuuza, na hatari ya kuwapotosha ni kubwa kuliko fedha itakayoingia. Ukurasa wa bei, kwa maoni yetu, usitiwe tangazo la mtu yeyote, hata la jirani yetu. Kurasa za masomo zaweza kujaribiwa kwa njia ya pili, msimu mmoja, kisha hesabu isomwe mbele ya wanachama.

Vijana waliotoa shauri hili wasivunjike moyo. Wao ndio waliotufanya tuyatazame mambo haya, na kazi ya kwenda madukani ni yao kama wataikubali. Mwanachama mwenye tovuti yake mwenyewe, ya mapishi au ya wageni wa kutalii, apime kwa mambo yale yale matano. Jibu lake laweza kuwa mbali na letu.

MASWALI YA KUJIBU KABLA YA MKUTANO

1. Katika wiki iliyopita umeifungua tovuti ya Chama mara ngapi, na ulikuwa ukitafuta nini?
2. Ni tangazo gani ambalo lingekufaa wewe ukilikuta hapo? Na ni lipi ambalo hungependa mwanao alikute?
3. Tovuti hufunguliwa kurasa 10,000 kwa mwezi, na dalali hutoa nusu Dola kwa kila 1,000. Itachukua miezi mingapi kufikia Dola 100?
4. Ikiwa matangazo hayatakubaliwa, uko tayari kuongeza kiasi gani katika mchango wako wa mwaka?

Jibu la swali la tatu ni miezi 20. Jibu la swali la nne mje nalo mkutanoni.